Usije Peke Yako

Ujumbe uliingia Ijumaa saa kumi jioni, dobi akiwa mezani na pasi mkononi. Aliusoma mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kwenye darasa la jioni: "Majibu yako yapo tayari. Fika maabara Jumatatu saa mbili asubuhi. Usije peke yako. Njoo na ndugu wa karibu."

Akausoma tena akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule ya watu wazima, alitamani asingejua kusoma.

Wiki tatu nyuma daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe wa shingoni mwake ili kikapimwe, akasema, "Tutakujulisha." Basi ndiyo hivyo, wamemjulisha. Alipiga namba ya maabara mara tisa. Simu iliita mpaka ikachoka.

"Nani anaitwa na ndugu zake kwenda kupewa habari njema?" alimuuliza mkewe.

Mkewe alichomoa pasi kwenye umeme, akamshika mkono, wakapiga magoti katikati ya makapu ya nguo. Dobi hakuomba apone. Aliomba asiwe mwoga, na lile jambo alilolificha moyoni apate nguvu ya kulisema kabla ya Jumatatu.

Jambo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

Jumapili alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ukoo mzima humwita Mwenyekiti kwa kuwa hakuna kikao asichokiongoza.

"Shemeji, ile suti yako ya harusi haikuibwa kwenye kamba. Niliiunguza mimi. Nilisahau pasi juu ya koti, tundu likatokea mgongoni. Nikaizika yote nyuma ya choo."

Mwenyekiti alioa na koti la kuazima, mikono yake imeishia karibu na viwiko. Picha bado iko ukutani. Alimtazama dobi, akautazama ule uvimbe, machozi yakamlengalenga.

"Nimekusamehe, shemeji. Nenda kwa amani."

"Siendi bado."

"Ukienda, basi. Nenda kwa amani."

Jumatatu walifika watatu, wakakuta korido ya maabara haina pa kukanyaga. Kila mgonjwa alikuja na ukoo wake. Mama mmoja alizungukwa na binti watano wenye macho mekundu. Fundi bomba alikuja na mama mkwe wake, amemshikilia kama mtu anayevuka mto. Huku wanaomba, kule wanaimba. Mwenyekiti hakuvumilia.

"Jamani, tuombe kwa zamu! Sauti zinagongana!"

Dirisha likafunguliwa. Karani akachungulia, kikombe cha chai mkononi.

"Kulikoni? Nani amefariki?"

Dobi akajisogeza. "Si mlituambia tusije peke yetu?"

"Ndiyo. Kuna fomu mpya." Karani akaionyesha. "Hapa anasaini mpokeaji, hapa shahidi. Bila shahidi sitoi bahasha. Ujumbe ni mmoja, tumewatumia wote."

"Mngesema basi kwamba ni kwa ajili ya saini!"

Karani alifikiri kwa dhati. "Nafasi ilijaa."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe. Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia fundi bomba usoni, na korido nzima ikamfuata. Dobi peke yake hakucheka. Bahasha yake ilikuwa bado kwa karani.

Alisaini, Mwenyekiti akasaini kwenye nafasi ya shahidi, saini ndefu ya kikao, ndipo karani akampa. Aliifungua, akasoma polepole. Uvimbe wa mafuta. Si saratani. Hauhitaji matibabu. Chini kulikuwa na tarehe: majibu yalikuwa yamelala pale siku kumi na sita.

"Mafuta!" akapiga kelele. "Jamani, ni mafuta tu! Bwana asifiwe!"

Wakampigia makofi watu asiowajua. Yule mama wa binti watano aliambiwa aanze vidonge na arudi baada ya mwezi. Akasema vidonge ataviweza, vilio vya wanawe ndivyo vilivyomshinda.

Kisha Mwenyekiti akamgeukia dobi.

"Shemeji."

"Naam."

"Nilikusamehe nikijua unakufa."

"Umeshasamehe. Mke wangu alisikia!"

"Sijakataa. Nataka tu ukanichimbulie suti yangu."

Mke wa dobi alikaa chini sakafuni, mbavu hana.

Jioni dobi alichimba nyuma ya choo, Mwenyekiti akisimamia. Kitambaa kilikuwa kimeoza, lakini vifungo vitatu vilikuwa vizima. Mwenyekiti akavipangusa kwenye suruali, akavihesabu, akamkabidhi dobi bila kucheka.

"Safari hii usiviunguze."

Dobi akavipeleka kwenye beseni, akaviosha kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akamshukuru Mungu.