Aliyesimama Mlangoni

Mazimwi yalikuwa yameshafika kisimani, na Mama Kuta alikuwa bado hajagusa kitu. Simu ililala mezani mbele yake, mikono yake ameikunja kifuani. Shujaa wake, kijana wa vidoti asiyezidi ukubwa wa kucha, alisimama kwenye mlango wa nyumba ya kwanza ya kijiji. Nyuma yake, ndani, bibi alikuwa anachochea moto.

Kazi ya Mama Kuta ilikuwa kugonga kuta. Zamani alikagua mishono ya mashati kiwandani. Hapa ofisini walimpa simu sita, nyingine na nyufa zake, na gemu moja iliyoundwa kwa mtindo wa zile za kale: watu waliochorwa kwa vidoti vya rangi, muziki mwembamba kama filimbi ya mtoto, mapanga, wachawi na mazimwi. Alimchukua shujaa akamgongesha kwenye kila ukuta, kila mti na kila pipa, kuona kama kuna mahali anapenya pasipostahili. Akipata tundu, alimwita Fundi, na Fundi akaliziba. Vijana wa ofisini ndio waliompa jina la Mama Kuta, na kwa kuwa walilitamka kwa mapenzi, alilipokea.

Kuhusu yule bibi, kila aliyecheza alijua kwamba hufa. Mazimwi huvamia usiku wa kwanza, shujaa hukimbilia kisimani kupambana nayo, na akirudi hukuta nyumba imekuwa majivu. Hapo ndipo anaposhika upanga na kutoka kwenda kulipiza kisasi. Mama Kuta alikuwa amemzika bibi huyo kila siku ya kazi, tena kabla ya chai. Leo alichoka. Alichoka kweli, kama mtu anayechoka na jirani mwenye maneno. Akamsimamisha kijana mlangoni, akaondoa kidole kwenye kioo.

Zimwi la kwanza lilikuja mbio, likamgonga shujaa, likarudi nyuma. La pili likafanya vilevile. Yakazunguka nyumba, yakajaribu dirisha, yakarudi tena mlangoni na kusimama pale kama wageni waliokosea nyumba. Mama Kuta alielewa kabla hayajaondoka. Shujaa asiyeguswa na kidole cha mchezaji, gemu ilimhesabu kuwa ukuta, na mazimwi hayakufundishwa kupigana na kuta. Kioo kikaanza kupambazuka. Mazimwi yakatokomea msituni, na bibi akageuka.

"Umeamkaje, mjukuu wangu?" yakaandikwa maneno juu ya kichwa chake.

Ni yaleyale anayoyasema gemu inapoanza. Hakuna aliyemwandikia maneno ya kesho, kwa kuwa kesho hakuandikiwa. Mama Kuta alicheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana Mkuu wa ofisi alikuwa anapita nyuma ya kiti chake.

"Mama, huyu bibi anafanya nini asubuhi?"

"Anamsalimia mjukuu wake."

Mkuu alikuwa kijana mpole, na hadithi yote ya gemu aliitunga yeye. Alivuta kiti akaeleza, tena kwa heshima, kwamba bibi lazima afe. Pasipo msiba, shujaa hana sababu ya kuondoka kijijini. Atabaki pale akichota maji hadi azeeke, na sisi tutakuwa tumetengeneza gemu ya kuchota maji. Gemu zote za namna hii huanza hivyo, alisema. Watu wamezoea.

"Ndiyo maana nimechoka," alijibu Mama Kuta. "Mimi mwenyewe ni bibi tangu mwezi wa tatu. Mjukuu wangu anajifunza kutambaa, na sioni kwa nini nife ndipo ajue kutembea."

Vijana wa meza ya pili wakaangua kicheko. Mkuu naye alitabasamu, lakini akamtaka aonyeshe tundu liko wapi ili lizibwe, maana gemu ilikuwa karibu kutoka.

"Hakuna tundu. Kuta zote nimezigonga, ni nzima."

"Basi amepona vipi?"

"Amelindwa."

Tabasamu la Mkuu likaisha. Akasema kazi ya mama ni kutaja kasoro, si kuzificha, na hapo alikuwa na haki. Mama Kuta alilijua hilo, likamchoma. Maisha yake yote hakuwahi kupitisha mshono mbovu. Lakini kila alipokitazama kile kibibi cha vidoti kikichochea moto wake, hakuona kasoro. Aliona jambo moja katika gemu nzima lililokwenda sawa. Mkuu akampa hadi jioni: aonyeshe, au aache kazi.

Mchana kutwa walijaribu wenyewe. Fundi alimsimamisha shujaa mlangoni, na zimwi lilipokaribia, kidole kikamwasha, akalipiga rungu. Mazimwi yakamla shujaa, yakaingia, nyumba ikawaka. Akajaribu tena kwa rungu la pili, kwa ngao, kwa uchawi wa barafu. Mkuu mwenyewe akajaribu, akaliwa haraka kuliko Fundi. Walijaribu kila kitu isipokuwa kutulia. Mama Kuta alikaa kwenye kiti chake akiendelea kugonga kuta za kijiji cha pili, moja baada ya nyingine, kwa sababu kazi hiyo aliipenda.

Fundi alimjia wakati wa chai, akainama, akamnong'oneza. "Niambie mimi tu, mama. Nitaziba kimyakimya, na wewe utabaki. Tutafanya kazi na nani hapa?"

"Wewe nakupenda kama mwanangu," alisema, "ila kidole chako hakitulii."

Fundi alisimama akikitazama kidole gumba chake. Kisha alikwenda kwa Mkuu akamwambia ametafuta kila mahali na hajaona kitu, pengine ile simu ya mama ilikuwa imekwama tu. Kama alielewa, hakusema, na Mama Kuta hakumuuliza.

Jioni alizifuta simu zote sita kwa khanga yake, akazipanga mezani. Mkuu alimuuliza mara ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayetaka kuombwa asamehe. Mama Kuta alimtakia gemu yake heri na baraka, akatoka huku kichwa kiko juu. Machozi aliyaachia kwenye ngazi, pasipokuwa na mtu.

Nyumbani binti yake alishika kiuno. "Mama, umefukuzwa kazi kwa ajili ya bibi wa vidoti?"

"Ndiyo," alisema, akampokea mjukuu.

Akarudi kwenye mashati. Gemu ilitoka, ikapendwa, na yeye hakuitafuta. Alichelea kukuta mlango umezibwa na bibi akifa tena mikononi mwa maelfu ya watu.

Asubuhi moja alikwenda kununua uzi dukani. Duka lilikuwa finyu, lenye mlango wa kupita mtu mmoja mmoja. Muuzaji, msichana mnene mwenye sindano ameichomeka kwenye kilemba, hakuinua uso. Simu yake ilikuwa imelala juu ya majora ya kitambaa, na mikono yake yote miwili ameiinua hewani kama aliyeshikiwa bunduki. Muziki ule wa filimbi ya mtoto ulikuwa unalia.

"Nisamehe, mama, ngoja kidogo," alisema. "Nimeambiwa nisiguse hadi kupambazuke. Nikigusa tu, bibi wa watu anakufa."

Mama Kuta alisimama palepale mlangoni. Nyuma yake wateja wakaanza kujaa, wawili, kisha wanne, na mwanamume mmoja mwenye haraka akamgusa bega, akamwambia aingie au apishe, watu wana kazi zao.

Mama Kuta aliukita mguu mmoja upande huu wa mlango na mwingine upande ule, akakunja mikono kifuani, akatulia.