Kidole Kwenye Kitufe

Usiku wa jana niliota tumeshaondoka Kibirizi, nchi kavu imebaki nyuma ndogo kama mkeka, na redio ya mawasiliano ya boti bado iko ndani ya boksi mapajani mwangu.

Feruzi, mwenye boti, ameshika usukani. Ni Feruzi yule yule aliyenipa kazi ya kufunga redio, isipokuwa amevaa sare ya mkuu wa stesheni.

"Fundi, si ungefunga tukiwa nchi kavu?"

"Ningefunga. Boti imeondoka."

"Basi funga. Na unisikie vizuri: redio haijafungwa mpaka mtu ajibu. Asipojibu mtu, hatutii nanga popote. Mimi nina wake wawili wananisubiri, usiniletee mchezo."

Nikasema sawa. Nimefunga redio kwenye boti kumi na nne za ziwa hili, na kila mara alikuwepo mtu wa kujibu. Ila alikuwa mtu wa mwenye boti, si wangu.

Nikatoa nyaya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Fyuzi ikanigusa mkono.

"Mimi niweke karibu na betri. Urefu wa mkono mmoja, usizidishe."

"Najua. Umeme ukizidi, wewe unakufa kwanza."

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa," ikasema, bila kulalamika. Ikaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Ikasema nayo haina.

Redio na dira hazikai pamoja, maana spika ya redio ina sumaku na dira hupotea njia. Nilipoiinua redio tu, dira ikakunja mkeka wake, ikachukua birika, ikahamia nyuma ya boti bila kuaga. Sikuona ajabu. Nimehama hivyo mara nyingi.

Ikabaki antena. Antena lazima ionane na mwenzake. Mlima ukiingia katikati, hazisikizani. Nikaisimamisha juu ya mlingoti, nayo ikauliza kwa sauti ya karani:

"Nimwone nani?"

"Yeyote."

"Yeyote hayupo. Taja jina."

Sikutaja. Ikaanza kurefuka yenyewe, ikapita mawingu. Boti nayo haiko ziwani tena, inakatiza mashamba ya chumvi ya Uvinza, nilikobeba magunia miaka miwili. Feruzi akapunguza mwendo asiwarushie watu vumbi.

"Naona Uvinza," antena inasema. "Hakuna anayekuulizia."

Boti ikapanda kwenye reli.

"Naona Tabora. Kuna mtu amevaa koti lako. Hajui lilikuwa la nani."

Reli ikaisha, ikawa barabara ya vumbi.

"Naona Sumbawanga. Mlango ulioupaka rangi umeng'olewa. Subiri. Naona Kirando. Kuna mwanamke amekaa barazani, ana redio mapajani. Amekunja uso."

Nikajua ni dada yangu, Mwamini. Nilimwacha hapo miaka ishirini na sita iliyopita, siku mbili kabla ya arobaini ya mama. Nilisema naenda kununua sukari ya shughuli. Sukari niliinunua. Niliinunua Mpanda, mwendo wa siku nzima.

Nikabonyeza kitufe.

"Mwamini, Mwamini, hapa ni boti Baraka Mbili. Jaribio la redio."

Nikaona ni maneno machache kwa mtu niliyemwacha miaka ishirini na sita, nikaendelea. Nikaeleza habari ya sukari. Nikaeleza kwamba lilikuwepo lori na lilikuwa linaondoka. Nikasema nilikusudia kurudi Ijumaa. Sikusema Ijumaa ipi.

"Anajibu?" Feruzi anauliza.

"Hajibu."

"Ongeza, basi."

Nikaongeza. Jua likazama na kuchomoza mara kadhaa, harakaharaka, bila usiku katikati. Betri ikaanza kusinzia. Nilimweleza habari za chumvi, koti, na mlango.

Ndipo redio ikakohoa.

"Mzee, wewe umezoea simu."

"Kivipi?"

"Kwenye simu mnaongea wote kwa pamoja kama mko sokoni. Mimi siwezi. Ukibonyeza, husikii. Achia kidole."

"Nikiachia, na kukawa kimya?"

"Basi utajua ni kimya."

Nikajaribu. Kidole hakikutoka. Nikamwambia Feruzi kimeganda.

"Kimeganda wapi! Unaogopa. Mtu mzima hovyo!"

Akaacha usukani, akaja, akakibandua kidole changu kama chapati iliyogandia kikaangoni.

Redio ikakwaruza. Kisha:

"...wageni wakanywa chai haina sukari, na mimi nasimama pale nasema anakuja, anakuja! Tangu asubuhi naongea, Songoro! Hayo ni masikio au umeweka mapambo?"

Nikabonyeza kidogo. "Dada?" Nikaachia.

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, uko wapi?"

Feruzi akapiga makofi. Mtu amejibu, sasa tunaweza kutia nanga. Nikabonyeza nimwambie niko wapi. Nikatazama nje nipate jina la mahali. Hapakuwa na kitu.

"Samahani, mzee," ikasema fyuzi, ikafa.

Nikaamka kwenye chumba cha kulala wageni, Kibirizi, jua limefika dirishani. Boksi la redio lilikuwa mezani, utepe wake mzima. Nikaukata mwenyewe. Fyuzi ilikuwa ndani ya pakiti yake ya kiwandani, haijaguswa na mkono wa mtu. Imeungua katikati.

Hali ya wote mpaka sasa ni hii. Redio nimeifunga asubuhi kwa fyuzi nyingine. Dira nimeihamishia nyuma. Feruzi amefanya jaribio, akajibiwa na binamu yake aliye kwenye boti nyingine, wakataniana, akaenda zake kuvua. Fyuzi iliyoungua iko mfukoni mwangu. Namba ya jirani yake Mwamini nilipewa na mpakia dagaa mwaka juzi, sikuwahi kuipiga. Leo nimeipiga. Jirani amesema Mwamini yupo, nisikate, anakwenda kumwita.

Naandika haya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika simu sikioni. Nasikia kuku, nasikia mlango, nasikia ndara za mtu anayekuja polepole.

Sijasema kitu.