Chapati Isiyokatika

Fundi cherehani alipindua chapati ya maji ya tatu, akaiepua, akaikunja mara mbili ili ipishe nyingine kwenye sahani. Ikakunjika. Akabaki ameshika kijiko, anaitazama.

Kwa miezi saba alikuwa akipika chapati hizo za karanga, nazi kavu na mayai, na hakuna hata moja iliyowahi kukubali kukunjwa. Ukiinua upande huu, ule unabaki kwenye kikaango. Mikate yake ndiyo usiseme: ilitoka kwenye sufuria imebonyea katikati, ukiikata inamwagika chenga. Lakini bintiye, aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake, alizikomba chenga hizo kwa kijiko mpaka akaota mashavu. Tumbo lake halikupatana na ngano, hata chembe. Mama mwenyewe alikuwa na kisukari, kwa hiyo kikaango kimoja kiliwatosha wote wawili.

Wiki hii tumbo lilirudi. Siku ya nne sasa Njiti hajaenda shule, amejikunyata kitandani, na mitihani inaendelea bila yeye. Kule zahanati muuguzi alimsema mama mbele ya foleni nzima. "Unampa ngano kwa huruma, halafu unatuletea sisi." Mama akaapa kwamba hajampa. Muuguzi akaita anayefuata.

Na siku hizohizo Njiti alikuwa akimsifu: "Mama, sasa umeiva! Siku hizi zinakuwa laini." Naye, maskini, akafurahi kweli.

Sasa alitia konzi ya unga uleule kwenye bakuli, akaukanda kwa maji, kisha akausuuza tena na tena. Unga wa karanga na nazi ungetawanyika wote majini. Huu uliacha kidonge kinachonata, kama uachavyo unga wa ngano. Alipokivuta kikarefuka kama mpira wa kiunoni mwa sketi. Akakifunga kwenye kipande cha nailoni, akatoka bila hata kuvua aproni.

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Siku ya mazishi ndiye aliyemwambia, "Shemeji, mimi nipo." Kila Jumamosi aliifuta mashine kabla ya kumsagia, na fundi alimwachia karanga zake akarudi kushona bila wasiwasi.

Alipokiona kidonge hakuuliza ni nini.

"Karanga zimepanda mno, shemeji. Halafu zina mafuta, zinaganda kwenye mashine. Nikatia ngano kidogo tu ziteremke."

"Kidogo? Na karanga zangu zilizopungua ziko wapi?"

Mwenye mashine alitupia jicho dirishani, kwenye makopo ya siagi ya karanga aliyoanza kuuza juzijuzi, kisha akainamisha kichwa.

"Ulijua, shemeji. Ulikuja kumwona Njiti alipolazwa. Ulimletea machungwa."

"Nilidhani ameshapona."

Fundi alikifunga tena kidonge kwenye nailoni. Angetukanwa na mtu baki asingeumia hivi.

Alikwenda ofisi ya bwana afya wa soko. Bwana afya alikigusa kidonge kwa ncha ya kalamu.

"Ngano yenyewe imeoza?"

"Hapana."

"Ina wadudu?"

"Haina. Lakini mwanangu..."

"Mama, ngano ni chakula. Karanga ni chakula. Nikiandika kwamba mtu kachanganya chakula na chakula, wakubwa watanicheka." Akamrudishia kidonge chake. Pembeni ya chai yake palikuwa na kopo la siagi ya karanga, lenye kifuniko cha kijani kama yale ya dirishani, limeliwa nusu.

Fundi aliazima kinu kwa jirani. Akatwanga karanga zilizobaki kabatini, akachekecha, akatwanga tena, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wateja wawili wa sare walikuja, wakakuta cherehani imefunikwa, wakaondoka wakinuna. Hakuwajali. Akapika, akapeleka sahani kitandani, akamweleza Njiti yote bila kumficha.

Njiti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua chapati, akaishika pande mbili, akaanza kuikunja polepole huku akimtazama mama yake usoni.

Jambo hilo lilimuuma mama kuliko maneno ya muuguzi, na hakuwa na la kumlaumu mtoto.

Chapati ikakatika. Hapo ndipo Njiti akala.