Hatua Kumi na Nane hadi Mlangoni

Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, kuanzia kofia hadi kiatu. Nikikutwa na uongo hata wa ukubwa wa tundu la sindano, chai ya benchi zima ni juu yangu, na benchi letu, kama mjuavyo, hukaliwa na watu sita wasiojua kukataa chai.

Kila Jumanne saa tatu asubuhi fundi cherehani aliingiza gari lake dogo la kijani kwenye maegesho ya hospitali. Mbele ya mlango pana nafasi mbili zilizopakwa rangi ya buluu, kila moja ina mchoro wa mtu kwenye kiti cha magurudumu, na katikati yake imesimamishwa koni nyekundu. Mwenye koni ni mlinzi, ambaye jina lake watu wamelisahau kwa ajili ya kile kinachoning'inia shingoni mwake, wanamwita Filimbi. Kutoka kwenye nafasi zile hadi mlangoni ni hatua kumi na nane. Kutoka nafasi za kawaida, kule chini ukutani, ni hatua mia mbili na kumi na moja, tena za kupanda. Fundi alizihesabu kwa sababu daktari alikuwa amempimia: arobaini, kisha akae.

Moyo wake ulikuwa na vali iliyolegea kama lastiki ya sketi kuukuu. Kadi ya nafasi ya buluu alikuwa nayo, yenye picha na mhuri. Ugonjwa wake ulikuwa na kasoro moja tu: hauonekani. Mgongo ulinyooka, mashavu yalijaa, na gauni lilipigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate, maana fundi asiyevaa vizuri anajifukuzia wateja.

Jumanne ya kwanza Filimbi aliitazama kadi, akamtazama mwenyewe, kisha akaitazama miguu yake kwa muda mrefu zaidi. Akasema kadi siku hizi zinapatikana hata kwa wauza karanga. Fundi aliegesha hivyo hivyo. Benchi lililo kando ya mlango, ambapo wastaafu husubiri dawa zao za presha na magoti, lilikuwa na mengi ya kusema. Alipotoka alikuta karatasi kwenye kioo: HUONI HAYA? Jumanne ya pili alikuta tairi limetolewa upepo.

Akaenda makaburini kumweleza mumewe. Mume alikuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini, sukari ikamla miguu yote miwili hadi juu ya magoti, kisha ikarudi kuchukua kilichobaki. Enzi za uhai wake hakuna aliyemuuliza kadi. Watu walikuwa wakigombania kusukuma kiti chake. Fundi alimsimulia habari za koni. Dereva aliipanga kichwani kama alivyopanga zamani safari ndefu, kisha akasema kutoka chini, "Njoo na kile kiti changu. Na shuka, huku kuna vumbi."

Jumanne ya tatu waliingia wawili. Dereva alikaa kiti cha abiria na nguo aliyozikiwa, rangi ya majivu, udongo kwenye nyusi. Filimbi aliinama dirishani akamtambua, kwa sababu alikuwa miongoni mwa waliomzika.

"Shikamoo mzee," akasema. "Pole sana. Umepungua."

Akaondoa koni kwa mikono miwili. Benchi likasimama. Mmoja alifungua mlango, mwingine akatoa kiti kwenye buti, na wa tatu akamwambia fundi kwamba mke anayemhudumia mume namna ile, hata baada ya kufa, thawabu yake haitapotea. Fundi alikwenda hatua kumi na nane akiegemea mikono ya kile kiti, akasimama mlangoni kuvuta pumzi, na hakuna aliyeliona hilo.

Ikawa hivyo kwa miezi minne. Dereva hakuwa mzigo, ila njiani alilalamikia klachi. "Gia ya pili, fundi wangu. Hili gari, si cherehani." Ndani waliwahudumia upesi, maana kumkalisha maiti kwenye foleni si adabu. Saa sita alimrudisha akamfunika vizuri.

Lakini kufufuka si kazi ndogo. Kila wiki alirudi pungufu: kwanza kucha, kisha sikio moja, kisha nusu ya sauti. Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Dereva, aliyeijua, alisema haifikii ya kukaa mbele ya lile benchi ukiulizwa hali.

Jumanne moja fundi alifika na kiti, akakuta mumewe hajainuka.

"Nimechoka, mke wangu. Kwa sukari nilikufa mara moja. Kwa maegesho nakufa kila wiki."

"Kadi ninayo," fundi akasema.

"Basi waoneshe."

"Wameiona."

Dereva alifikiri sana. Njia zote alizozijua hazikupita pale. "Nenda polepole," akasema mwishowe. "Pumzika njiani."

Filimbi aliinama dirishani, akakuta kiti cha abiria kitupu, akauliza mzee yuko wapi. Fundi akajibu kwamba leo amepumzika.

"Basi na nafasi yake ipumzike," Filimbi akasema.

Fundi akatoa kadi. Filimbi hakuipokea, aligeuka kulitazama benchi, kama hakimu anayetaka kusikia wazee wa baraza. Hapo mtu mmoja wa benchini, ambaye hakuna haja ya kumtaja, aliinua fimbo yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa:

"Miguu yote miwili anayo, tena ndani ya viatu vya kisigino. Mwache atembee, kutembea ni dawa."

Benchi likacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki, ni kile cha watu waliokaa muda mrefu.

Fundi akaegesha ukutani. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha Jumapili, na anayechelewa hupangiwa mwezi ujao. Akaanza kuhesabu. Arobaini, akaegemea gari la mtu, nalo likalia ving'ora hadi akaondoka. Themanini, akakaa kwenye ukingo wa saruji, gauni amelikunja lisichafuke. Mpita njia akamwambia asikae pale, magari yanapita. Mia moja ishirini na sita, hesabu ikasimama.

Filimbi alipuliza filimbi kwa nguvu. Kiti cha magurudumu kilikimbizwa kutoka mlangoni, kikamfikia upesi sana. Benchi likasema kumbe alikuwa mgonjwa kweli. Likasema angesema mapema.

Walimzika Alhamisi, kando ya Dereva. Jumanne saa tatu gari la kijani likaingia, maana miadi ni miadi. Fundi alishika usukani mwenyewe, gauni limepigwa pasi, rangi ya majivu, udongo kwenye nyusi. Filimbi hakuuliza kadi. Aliondoa koni kwa mikono miwili.

"Pole mama," akasema. "Pita."

Benchi likasimama. Fundi alikwenda hatua kumi na nane bila kupumzika, kwa kuwa moyo haukumsumbua tena. Sasa angeweza kutembea zote mia mbili na kumi na moja, na nyingine juu yake, lakini hakuna aliyemwambia atembee.

Nyuma yake aliingia mwanamke wa figo, mzima wa sura, mwenye kadi yenye picha na mhuri. Filimbi aliitazama miguu yake kwa muda, akamwonesha kule chini ukutani.

Hadithi yangu iliishia hapo. Filimbi, aliyekuwa akisikiliza huku ameegemea koni, akasema yote ni kweli, yeye ni shahidi, ila pana tundu moja la sindano.

"Umesema mtu mmoja wa benchini, mzee. Hiyo fimbo ni ya nani?"

Wote wakaitazama fimbo yangu. Sikuwa na pa kuificha.

Nikaagiza chai ya benchi zima. Kikombe kimoja cha ziada nilikipeleka mwenyewe kwenye nafasi ya buluu, kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Fundi aliteremsha kioo. Hakunywa, wafu hawanywi, lakini alikishika kwa adabu, akaniuliza goti langu linaendeleaje.

Nikamwambia kwenye ngazi ndiyo balaa. Akaniamini hapo hapo.