Meno ya Kupimia Kahawa

Kule Ukata hakuna aliyefunga gunia la kahawa kabla ya kumwita Mzee Hyasinti. Mzee aliokota punje kichanjani, akaing'ata. Ikilia ka! imekauka. Ikibonyea, bado. Na tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao, kijiji kizima kilitegemea kinywa kile, maana kahawa mbichi waliirudisha bila hata kwaheri.

Mkewe, Albina, ndiye aliyeona mate mekundu nyuma ya nyumba kila asubuhi.

"Baba Kilian, damu tena! Twende Mbinga, daktari wa meno akutazame."

"Nikamwambie nini, nami siumwi? Ni huu mswaki, unakwaruza."

Basi akauacha mswaki. Kisha ikaja harufu, Albina akawa analala amegeukia ukuta, akiona haya kusema. Fizi zikavimba, nyekundu kama buni iliyoiva, halafu zikajivuta, meno yakaonekana yamerefuka. Maumivu hakuna. Hilo ndilo lililowadanganya.

Mwaka ule kila punje ilibonyea.

"Bado," akamwambia jirani yao Vitalia. "Anika tena."

"Mzee, nimeanika wiki tatu! Nianike mpaka Krismasi?"

"Mwenye meno ni nani, mimi au wewe?"

Watu wakacheka, wakaanika tena. Lori likaondoka tupu. Dereva akasema atarudi Ijumaa, mara ya mwisho. Mawingu ya mvua yakaanza kupanda kutoka upande wa ziwa.

Ijumaa asubuhi Albina akaokota punje kwenye kichanja kilekile alichokikataa mumewe. Ka! Nyingine. Ka! Akaingia ndani upesi.

"Kitendawili," akamwambia mumewe, kama walivyotaniana tangu ujana.

"Tega."

"Kahawa kavu, mng'ataji anasema mbichi. Kilichobonyea ni nini?"

Mzee akaanza kucheka, akaishia katikati. Albina akamfungua mdomo, akagusa jino la mbele. Likacheza. La pili likacheza. Akabonyeza fizi, usaha ukatoka.

"Hodi! Mzee, lori limefika, njoo ung'ate!" Vitalia aliita.

Hyasinti akatoka, midomo ameibana. Mbele ya watu wote akampa mkewe punje.

Ka!

"Imekauka!" Albina akatangaza. Vigelegele vikapigwa, magunia yakabebwa mbiombio. Hakuna aliyemtazama mzee. Ndani ya mdomo uliofungwa, ulimi wake ulikuwa ukiyasukuma meno moja moja, na kila lililosukumwa lilisogea.