Pampu ya Shaba

Tomma alifungua koki, akatia chini yake mkono wa kulia, ule ambao kiharusi hakikuugusa, na maji yakatoka ya moto hapo hapo. Akageuka kumtazama mumewe aliyesimama mlangoni, kofia mkononi, akacheka kicheko cha msichana.

"Umeona, Habbo? Hata hujamaliza kufungua, yameshafika."

"Nimeona."

"Yule dada wa zamu ananiuliza, mama, mbona unanawa kila saa? Nikamwambia niache nifaidi, mwanangu. Nimengoja sana mimi."

Habbo alitabasamu, akaigeuzageuza kofia yake. Alikuwa amefunga safari mpaka mji wa Leer kwa neno moja tu. Wenye nyumba ile ya wazee, alikopelekwa Tomma baada ya kiharusi, walitaka kujua kabla ya mwezi kwisha: je, Tomma anakichukua kile chumba moja kwa moja, au anarudi kwake? Binti yao, Wiebke, alishasema kwamba mama aamue mwenyewe, asishurutishwe. Basi njia nzima Habbo alikuwa akijifunza la kusema. Rudi nyumbani, Tomma. Lilikuwa jambo jepesi, hata mtoto angelitamka. Sasa alimwona mkewe akinawa kwa raha zile, akaona haya kulitamka.

"Chakula je, wanakupa vizuri?" akauliza.

"Chakula si kibaya. Chai yao ndiyo balaa, kama maji ya kuoshea vyombo." Akafunga koki, akajifuta polepole. "Lakini maji yao ni moto."

Nyumba ya Habbo ilikuwa ndefu, kama nyumba zote za zamani za Ostfriesland, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, watu mbele na ng'ombe nyuma chini ya paa moja. Ng'ombe walishauzwa, ila tanuri la kupasha nyumba joto na tangi la maji ya moto vilibaki huko huko zizini, na jikoni kulikuwa upande wa pili kabisa. Katikati lilipita bomba refu, na majira ya baridi maji yote yaliyokuwa humo yalipoa. Aliyetaka maji ya moto jikoni alikuwa na kazi ya kufungua koki na kusimama. Miaka yote hiyo aliyesimama alikuwa Tomma.

Alisimama akikunja na kukunjua vidole vyake vilivyomuuma kwa baridi, na huku akingoja aliimba kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanakwaya, mwenye ile sauti ya pili ya wanawake ambayo ukiisikia peke yake hujui ni wimbo gani. Habbo aliisikia kutoka zizini, akaipenda. Wakati mwingine aliacha kazi yake ili aisikilize vizuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi aliporudi kutoka Leer siku ile: kwamba mwenzake alikuwa akiumia, yeye akistarehe.

Na si kwamba Tomma hakusema. Alisema, tena sana. "Tia pampu ya kuzungusha maji, Habbo. Watu wote kijijini wanayo. Maji yanakaa moto bombani, unafungua tu."

"Nizungushe maji ya moto kutwa kucha kwa ajili ya mikono miwili?" Habbo alikuwa akimjibu, hasa kukiwa na wageni. "Au tunawapasha panya?"

Wageni walicheka, Tomma naye akacheka, kwa vile alishazoea.

Halafu ikaja vuli moja akakubali. Akaenda kwa mzee mmoja wa Leer aliyeuza vifaa vya mabomba. Mzee akamwekea mezani pampu ya shaba, akamwambia wazi kwamba kwa maji ya koki ni hii, nyingine hapana. Habbo akauliza bei, akapiga mluzi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Zizini alikuwa na pampu ya chuma aliyoibandua kwenye mtambo wa zamani wa joto, na bado ilikuwa nzima. Habbo hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Akaifunga mwenyewe, akamwita Tomma jikoni, kifua mbele. Kweli maji yalikuja moto. Tomma akambusu kwenye paji la uso mbele ya Wiebke, jambo ambalo halikuwa kawaida yake hata kidogo.

Furaha ile haikufika Krismasi. Maji yalianza kuwa manjano, kisha hudhurungi, na blauzi nyeupe ya kwaya ikatoka kwenye beseni la kufulia ina madoa ya kutu kifuani kote. Tomma aliimba kanisani akiwa na blauzi ya kuazima iliyombana makwapani. Habbo akaing'oa pampu, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa hukumu: "Nyumba hii haipatani na pampu. Mabomba yake yamezeeka, na hii hewa ya bahari nayo haisaidii."

Mabomba, nyumba, hewa ya bahari, vyote vikabeba lawama. Neno chuma hakulitamka. Tomma akarudi kusimama pale pale kwenye sinki lake, na tangu siku ile hakuomba pampu tena.

Habbo alikwenda tena Leer; lile duka la vifaa siku hizi lilikuwa la Etta, binti wa yule mzee, mwanamke mwenye mvi na mdomo usiotulia.

"Habbo! Nilidhani umeshakufa, nikasema mbona sijaalikwa mazishini?"

"Sifi ovyo. Nangoja bei za majeneza zishuke."

"Haya, leo nini? Skrubu moja, kama kawaida yako?"

"Pampu. Mbili."

Etta akaishika meza kwa mikono yote miwili. "Mbili! Jamani, niletewe kiti."

Habbo akamweleza kwamba pampu ya rejeta za ukutani, zile za kupasha vyumba joto, imeanza kukoroma na haitamaliza majira ya baridi. Ya pili ni ya maji ya koki. Etta akaingia nyuma, akarudi na maboksi, akazipanga pampu mbele yake.

"Ya rejeta chukua hii ya chuma, haina neno. Maji ya rejeta ni yale yale, yanazunguka humo kwa humo, hewa yake iliisha zamani. Lakini maji ya koki..."

"Shaba," Habbo akamkatiza. "Maji ya koki kila siku mapya, yanaingia na hewa yake, na hewa inakila chuma. Hii shaba iliyochanganywa na bati haitafunwi."

"Ehee! Kumbe fundi! Nani alikufundisha?"

"Baba yako."

"Lini tena?"

Habbo aliziangalia zote mbili. Aliiinua ile ya shaba. Ilikuwa ndogo, ikienea kiganjani, nzito kuliko inavyoonekana, rangi yake kama asali iliyokaa sana. Kando yake ile ya chuma ilikuwa na umbo lile lile. Kumbe ni kitu kidogo hivi, alijiambia. Kwa kitu kidogo hivi nilimsimamisha mwenzangu kwenye baridi maisha yake yote. Alijiona mchoyo, na uchoyo wenyewe ulikuwa wa kijinga, usiomletea faida yoyote.

"Zamani," alisema.

"Hiyo hiyo ndogo inakutosha. Usije ukatamani kubwa, itayakimbiza maji mpaka yalikwangue bomba lako. Na nikupe yenye saa, inaamka mnapoamka, inalala mnapolala."

"Sitaki ya saa. Nataka isiyolala."

"Habbo, itapoteza joto usiku kucha!" Etta akacheka. "Wewe? Wewe unayezima taa za kanisa kabla hatujatoka?"

"Ipoteze," alisema Habbo, na sauti yake ikakwaruza.

Etta akaacha mzaha. Akaanza kuzirudisha pampu kwenye maboksi, taratibu. "Tomma anarudi?"

"Anakuja Jumapili kunywa chai. Akaione."

Kazi ilimchukua muda mrefu kuliko zamani, maana vidole vyake navyo sasa vilikuwa vigumu. Alifunga ile ya chuma kwenye mtambo wa joto na ile ya shaba kwenye bomba la kurudishia maji tangini, akalivika bomba lote sifongo lake ili lisipoe, akawasha umeme. Pampu ya shaba haikupiga kelele. Ilimbidi aiguse ndipo ajue kwamba inafanya kazi. Akaenda jikoni, akafungua koki, maji yakaja moto, akapiga kelele ya furaha peke yake. Kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumwita.

Jumapili Wiebke alimleta mama yake kwa gari. Tomma aliingia na fimbo, akanusa hewa ya jikoni, na kabla hata ya kuvua koti Habbo akamwonyesha sinki.

"Fungua."

Tomma akamwangalia, akamwangalia na Wiebke, akafungua. Kwa mazoea alisimama vile vile alivyokuwa akisimama, kichwa kimeinama kidogo, tayari kungoja. Maji yakamuunguza.

"Hee!" Akauvuta mkono, kisha akaurudisha, akauacha pale. Machozi yakamlengalenga. "Habbo wewe! Umenipatia maji."

"Ni ya shaba," alisema Habbo, na maneno aliyoyabana miaka yote yakamtoka yote kwa pamoja. "Ile ya kwanza ilikuwa ya chuma. Niliambiwa haifai, nikaitia. Halafu nikaisingizia nyumba. Nisamehe, Tomma."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikwenda dukani kuulizia dawa ya madoa, mzee wa watu akaniambia ulivyoikataa ya shaba. Nikasema sitamuuliza, nitangoja aseme mwenyewe." Akafunga koki. "Kungoja nilikuwa nimeshazoea."

Alisema bila uchungu wowote, na hapo ndipo Habbo alipoumia. Angepigiwa kelele angepata nafuu.

Chai aliitengeneza yeye. Alitia vikombeni vipande vya sukari ya mawe, akaimimina chai mpaka sukari ikalia kwa kupasuka, akadondosha malai pembeni bila kukoroga, kama inavyotakiwa. Tomma akanywa cha kwanza, akafumba macho. Akanywa cha pili. Huko kwao hakuna anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu, na mpaka uweke kijiko chako ndani ya kikombe, mwenyeji ataendelea kumimina. Habbo aliinua birika. Tomma akachukua kijiko chake, akakiweka kikombeni.

Wiebke akageukia dirishani.

"Bado kimoja," Habbo akasema. "Ni haki yako."

"Nimetosheka. Chai yako nzuri, sijanywa kama hii tangu nilipoondoka." Tomma akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe ulioshika birika. "Habbo, nimewaambia nakichukua kile chumba. Nikianguka kule, nabonyeza kengele, mtu anakuja. Hapa utanisikia kutoka zizini?"

"Nilikuwa nakusikia," alisema Habbo. "Ulipokuwa ukiimba. Nilikuwa nakusikia kila siku."

"Ndiyo," alisema Tomma kwa upole. "Ulikuwa unasikia."

Habbo akaliweka birika chini. Wiebke alikuwa ameshachukua koti la mama yake. Mlangoni Tomma alimrekebisha kola, kama zamani, kwa ule mkono mmoja.

"Na ile pampu uizime nikishaondoka," alimwambia. "Utazungusha maji ya moto kutwa kucha kwa ajili ya mikono miwili?"

Hakuwa akimsimanga. Alimhurumia tu, kwa maneno aliyoyasikia kwake mara nyingi mno.

Gari lilipokata kona, Habbo alikwenda zizini. Aliweka kidole kwenye swichi. Mkono wa pili aliuweka juu ya pampu, akaisikia inatetemeka kidogo, ina joto. Kisha akaondoa kidole kwenye swichi, akarudi jikoni kuosha vikombe.

Alikitoa kijiko kwenye kikombe cha Tomma. Akasimama pale alipokuwa akisimama mkewe, akainamisha kichwa, akajaribu kuikumbuka ile sauti ya pili, inaanzia wapi. Akafungua koki. Maji yakaja ya moto mara moja, kabla hajapata hata kuanza kuimba.