Tela la Kushushia Kiberiti Masasi

Sijawahi kuukimbia mzigo niliopakia mwenyewe. Nasema hili mapema ili tuelewane. Kabla sijaingia kidato cha kwanza nilikuwa nasukuma mkokoteni wa maji hapa Newala, madumu yamepangwa mpaka yananizidi urefu, na dumu likianguka naanguka nalo. Kwa hiyo dada yangu Veridiana alipotaka mtu wa kumchagulia tela hakuwa na haja ya kuhangaika mbali. Alihangaika mbali hata hivyo. Alipokosa ndipo akarudi kwangu, na sura ya mtu anayemeza kwinini.

Tela lenyewe lilikuwa la kubebea Kiberiti. Hilo ndilo jina tulilolipa gari lake, maana ni fupi, ni la njano, na linawaka haraka. Lina viti viwili tu. Ukifungua boneti ya mbele unakuta tairi la akiba na hewa. Injini imekaa nyuma ya migongo ya abiria, kama mtoto aliyebebwa. Dada anauza pembejeo mjini, na miaka ambayo wenzake walikuwa wakijenga, yeye alikuwa akiagiza gari ambalo mfuko mmoja wa salfa hauingii.

Wenye magari ya namna hiyo hukutana kwenye kiwanja cha zamani cha ndege upande wa Masasi, wanapanga matairi chakavu yawe kona, wanakimbia kwa zamu. Hakuna kombe. Baba yetu, Mzee Ambrosi, jambo hilo lilimtesa.

"Mnashindania nini?"

"Hatushindani, baba. Kila mtu anakimbizana na muda wake mwenyewe."

"Muda wako uko hapa hapa nyumbani. Kimbizana nao uani."

Mara ya kwanza Veridiana alilishusha kwa magurudumu yake. Hajafika mbali, jiwe moja kule Mkunya likapasua sampo ya chini ya injini, oili yote ikanywewa na mchanga. Kiberiti kikaingia Masasi kimefungwa kamba nyuma ya lori la makopa ya muhogo, watu wamesimama wanachekea mikononi, kikarudi vilevile. Tangu siku hiyo Baba ana neno moja tu. Gari linalala kwenye ghala lake, na ghala ni la korosho.

"Safari hii nakuja kuona kwa macho yangu," alimwambia dada. "Likikimbia, nitajua ni gari. Likija kwenye kamba tena, msimu ukianza korosho zinaingia ghalani, nalo litafute pa kulala."

Na pa kulala pengine hapakuwepo. Nje, mvua moja na watoto wa jirani, ungebaki na fremu. Veridiana angeuza, na alilijua hilo. Ndiyo maana akawa hasemezeki.

"Sikiliza, Trevor," aliniambia. Trevor ni mimi. Jina nilipewa na mjomba, sikushirikishwa. "Nimebanwa dukani, watu wanapulizia mikorosho. Wewe nenda ukatafute. Liwe chini. Liwe na mbao za kupandishia. Likae imara. Usilete vichekesho."

Nilianzia Makote, kwa Mzee Stefano, mwenye tela refu lililopakwa rangi ya bluu. Kimo cha tela kilinifika kifuani.

"Shikamoo mzee. Hili linabeba gari?"

"Marahaba. Linabeba hata nyumba."

"Gari litapandaje sasa?"

"Hilo ni la mwenye gari. Mimi nina tela."

Nikapiga picha, nikamtumia dada. Akanipigia kabla sijarudisha simu mfukoni.

"Trevor, hilo ni la trekta."

"Lina magurudumu."

"Na Kiberiti kitapanda kwa mbawa?"

Nikaenda Chilangala, ambako jamaa alikuwa na tela la tangi la maji. Alikubali kulitoa tangi. Tangi lilipotoka, chini hapakuwa na sakafu, vyuma viwili tu na nyasi zinaonekana katikati. Nilimwelezea dada kwamba tungetandika mbao.

"Mbao," alisema. "Gari langu litembee juu ya mbao. Kama mbuzi."

"Basi njoo uchague mwenyewe."

"Ningekuwa na muda ningekutuma wewe?"

Mpaka hapo nilikuwa nimechoka na matela, na Kiberiti, na ukoo mzima. Mtu anakutuma kama fundi, halafu anakukagua kama mwizi. Nikamfuata Anwari, mwenye pikapu ambayo ndiyo ingevuta, tukashuka naye Masasi kwa fundi wa kuchomelea aitwaye Reginald, ambaye tuliambiwa anakodisha.

Tulimkuta anakula. Nyuma ya karakana yake yalikuwepo matela mawili, yote chini, yote na mbao zake za kupandishia. Moja lilikuwa refu, lina magurudumu manne. La pili fupi, magurudumu mawili, yamewekwa katikati kabisa.

"Gari gani?" Reginald aliuliza bila kuacha ugali.

"La mbio."

"Injini iko wapi?"

"Iko ndani ya gari, fundi. Au kwenu mnaiacha nyumbani?"

Anwari akacheka. Reginald hakucheka. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, na hakuniuliza tena kitu.

Mimi nikafanya kazi yangu. Mkokoteni wa maji una siri moja: ukiupanga vizuri, mikono yake inaelea. Unaishika kwa vidole, unatembea unapiga mluzi. Mkokoteni unaokulalia mikononi umepangwa na mjinga. Nikashika mkono wa lile tela la magurudumu manne, ule unaofungwa nyuma ya pikapu, nikajaribu kuunyanyua. Kiuno kikalia. Nikaenda kwa lile fupi. Nikaunyanyua kwa kidole kimoja, Anwari anaona.

"Hili ndilo," nikasema.

"Na lile linakula mafuta," Anwari akasema. "Mafuta yangu."

Veridiana akapiga. Alikuwa ameona picha. "Chukua la magurudumu manne."

"Limeshakodiwa."

Huo haukuwa uongo. Ni kweli lingekodiwa, siku yoyote, na mtu yeyote.

"Una hakika hilo dogo litafaa?"

"Dada, mimi nimepakia mizigo nikiwa na meno ya utoto."

Asubuhi ya mbio tulilipandisha gari kwenye lile tela fupi, pale uani nyumbani. Veridiana alikiendesha Kiberiti polepole juu ya mbao, pua mbele, hadi matairi ya mbele yakagusa kizuizi. Akashuka, akaanza kukaza mikanda. Mimi nikaenda kupima mkono wa tela. Ulikuwa mwepesi hadi unataka kuruka. Niliona raha moyoni. Hata maji sikuwahi kuyapanga hivyo.

Anwari alichuchumaa nyuma ya pikapu yake. "Ni macho yangu, au nyuma imenyanyuka?"

"Imefurahi," nikamwambia.

Veridiana akainua kichwa. "Au tukigeuze? Kipande kinyumenyume?"

"Gari la mbio lifike mbele za watu kwa makalio? Unataka Baba aone hivyo?"

Akaniangalia, akaangalia saa, akaingia ndani ya pikapu. Mimi nikapanda nyuma, kwenye bodi, pamoja na dumu la mafuta na matairi ya akiba, nimetazamana na mzigo wangu. Nilikuwa nimevaa raba mpya.

Huku juu kwenye tambarare hakukuwa na tatizo, ila tela lilikuwa linatikisa mkia kidogo, kama mbwa anayemjua mgeni. Tulipoanza kuushuka mteremko wa kuelekea Masasi, mbwa akamjua mgeni vizuri zaidi. Likaenda kushoto. Likarudi kulia, likiivuta na pikapu. Likarudi kushoto kwa nguvu kuliko mwanzo, na kila likirudi, ile pua ya njano inakuja pale nilipokaa, taa zimenikodolea. Kupitia kioo niliona Veridiana ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Hapo mimi nikashuka.

Anwari, kwa bahati, hakukanyaga breki. Aliachia mafuta tu, kidogo kidogo, mpaka lile tela likachoka lenyewe, likasimama gurudumu moja likiwa kwenye nyasi za ukingoni. Nilipofika, Veridiana alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Natafuta jiwe la kuzuia gurudumu."

"Liko wapi?"

"Mawe ya huku madogo."

Aliitazama miguu yangu. Mmoja ulikuwa na raba, mwingine soksi. Alizunguka tela zima, akashika ule mkono wa tela uliokuwa unainuka wenyewe, akafumba macho kidogo.

"Injini iko nyuma," alisema, kama mtu anayeongea na ukuta. "Uzito wote uko nyuma. Nikakuuliza kama tukigeuze. Nikakuuliza, Trevor."

"Mkokoteni..."

"Mkokoteni unausukuma wewe, ukitaka kusimama unasimama. Hili linavutwa mlimani, nyuma likiwa zito linayumba. Toa mbao."

Akakishusha Kiberiti palepale ukingoni, akakigeuza, akakipandisha kinyumenyume, injini ikaja upande wa pikapu. Nyuma ya pikapu ikakaa chini kama mtu aliyepewa kiti. Mteremko wote uliobaki tela lilitufuata kimya. Mimi niliwekwa ndani, katikati yao.

Baba alikuwa ametangulia kwa basi la alfajiri. Tulimkuta kwenye kiti cha plastiki kando ya kiwanja, koti la kanisani, mikono juu ya fimbo. Alikiona Kiberiti kinaingia juu ya tela, hakina kamba, hakidondoshi oili.

Zamu ya Veridiana ilipofika, alitoka kama amefukuzwa na nyuki. Kona ya kwanza tukadhani ameipitiliza, kumbe anaichora. Alizunguka, akazunguka, ule mlio ukija kwetu na kuondoka, na mzunguko wa mwisho Baba akawa amesimama. Baba hasimami hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Dada aliposhuka, kofia ngumu mkononi na jasho usoni, Baba alimpa leso yake.

"Ni gari," akasema.

Kisha akanigeukia. "Njiani mlikujaje?"

Veridiana akaikunja ile leso. Neno la ghala lilikuwa bado halijatamkwa, na hakuna mzee anayetoa ghala lake kwa gari lililonusurika korongoni. Kwa hiyo, kwa ajili yake, nikajibu mimi.

"Salama, baba. Pale mlimani tela lilitikisika kidogo tu. Niliruka chini haraka, nikavua kiatu, nikakisukuma chini ya gurudumu. Likatulia. Kiatu ndicho kilichoumia." Nikamwonyesha soksi.

Anwari alianza kukohoa. Baba aliitazama soksi ile kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nikiwa nimevaa viatu vyote.

"Basi gari litalala ghalani," alisema. "Korosho nitaziombea nafasi kwa jirani. Na safari zote tela atasimamia Trevor, maana hakimbii mzigo."

Dada alifumba macho kwa furaha, akayafumbua akiniangalia mimi kwa kitu kingine.

Wakati huohuo bodaboda ikasimama karibu yetu. Akashuka mama wa makamo, kitenge kimejaa vumbi la shamba, akatazama magari yote mpaka akaliona la njano. Akaja moja kwa moja. Mkononi alishika raba moja, mpya, safi, haijakanyagwa hata na kuku.

"Hodi wazee. Mimi ni Mama Mudathiri, nina shamba pale chini ya mlima. Mwenye kiatu hiki yuko na gari hili?"

"Kilikuwa chini ya gurudumu?" Baba akauliza.

"Gurudumu gani, baba? Kilikuwa kwenye mikorosho yangu, kule ndani kabisa, mbali na barabara. Nilikuwa nafagia chini ya miti. Nikasikia kishindo, kijana anapita mbio, hatazami nyuma, gari lao bado linakwenda huku linayumba. Nikasema huyu wamemfukuza nini." Akaguna. "Ila mmemlea vizuri. Mbio zote zile, aliponipita alisema shikamoo."

Baba aliishika raba, akaigeuza, akaangalia soli yake.

"Gari litalala ghalani," alisema polepole. "Nilichosema nimesema. Huyu sasa ndiye sijui atalala wapi."

Veridiana alikuwa ameegemea Kiberiti, mabega yanatikisika. Sikuwa na pa kutazama. Nilifanya kile ambacho mdomo wangu umezoea kufanya mbele ya mkubwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," Mama Mudathiri akajibu. "Na ile ya asubuhi pia marahaba. Nilikuitikia, lakini ulikuwa umeshafika mbali."